Gego la Miaka Sita Si la Maziwa

Wasee, nina miaka 22 na nyama natafuna upande mmoja. Gego langu la chini kushoto lilianza kuuma nikiwa darasa la tatu. Majirani wakamwambia mathe, "Achana nalo, hilo ni la maziwa, litatoka lenyewe." Darasa la tano likang'olewa. Halikuwa la maziwa. Lilikuwa la maisha.

Hii ndiyo kitu hakuna mtu alituambia: mtoto akifika miaka 6 hivi, magego ya kwanza ya ukubwani yanatokea nyuma kabisa ya meno ya utoto. Hakuna jino linalong'oka kuyapisha, hakuna la kurusha juu ya paa, kwa hivyo mzazi hata hajui yamefika. Na huko juu yana mitaro myembamba hadi mswaki hauingii. Biskuti inakwama humo, bakteria wanakula sukari, wanatoa asidi, jino linatoboka.

Kinga ipo na si mpya. Inaitwa silanti. Daktari wa meno anasafisha gego, analikausha, anapaka kitu kama gundi nyepesi kwenye mitaro, kinakauka kikawa ngumu. Hakuna sindano, hakuna kutoboa. Dakika chache tu. Kwa miaka 2 inazuia karibu 80% ya matundu kwenye meno ya nyuma. Mswaki bado ni lazima, na pipi bado ni pipi. Lakini ile mitaro imefungwa.

Sasa hasira yangu iko hapa. Dawa ya minyoo tuliletewa hadi shuleni. Tulipanga laini, tukameza, tukarudi darasani. Marekani kuna shule ambapo watoto wanapakwa silanti papo hapo. Sisi tunangoja gego lioze, halafu tunamtafuta mwenye koleo. Eti kinga ni ghali! Na kung'oa ni bure? Na zile usiku mtoto analia?

Mtasema, "Wewe uliacha kampasi, unajua nini kuhusu meno?" Najua pengo. Nakutana nalo kila nikila.

Kama una mdogo wako wa miaka 6 ama 7, leo usiku washa tochi ya simu, mwambie afungue mdomo. Hesabu kutoka katikati ukienda nyuma. Ukifika la 6, hilo ndilo. Usiache mtu akwambie litatoka lenyewe.