Wanyama wa Pori Letu: Popo, Mkulima wa Usiku

Mvua za kwanza zinyeshapo, watoto wa Kapata huingia porini kuokota masuku. Lakini yuko mwenzao ayapendaye matunda hayo, naye huja usiku. Ni popo mkubwa wa rangi ya kimanjano. Wengine humwita mnyama wa wachawi. Wasomaji wapenzi, juma hili na tumtazame kwa haki.

Popo si ndege. Huzaa na kunyonyesha. Uzito wake ni robo kilo na kidogo zaidi, na mabawa yake yakinyoshwa hufika karibu sentimita 75. Popo wadogo walao wadudu huongozwa na mwangwi wa sauti yao. Huyu hutumia macho yake makubwa na pua yake.

Alapo, husaga tunda kinywani, humeza maji yake, kisha hutema nyuzi. Mbegu ndogo, kama za mkuyu na mvule, humezwa pamoja na maji hayo, nazo huanguka na mavi yake angali akiruka. Utafiti wa Ghana uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mbegu hizo zaweza kufika kilomita 75. Ni mkulima gani apandaye mbali hivyo bila jembe?

Kila mwaka, tangu Oktoba hata Desemba, popo hawa wengi mno hukusanyika katika msitu mdogo wa Kasanka, nchini Zambia. Wataalamu waliwafunga wanne vyombo vya kuwafuata. Habari zilizotolewa mwaka 2008 zasema kwamba wote waliingia Kongo, na mmoja alisafiri zaidi ya kilomita 2,500 kwa miezi mitano hivi.

Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Kwa hiyo wauawapo wengi, kuwarudisha ni kazi ya miaka. Tena miti ya matunda ikikatwa yote kwa makala, popo hukosa chakula, nasi twapoteza mpanzi. Hatumlaumu baba atafutaye ada ya shule kwa makala. Twamsihi tu auache msuku usimame.

Nanyi wanafunzi, msiwapige popo kwa manati, wala msiwashike, wazima au wafu, maana wengine hubeba magonjwa. Tunda lililoumwa na popo msile. Mwacheni afanye kazi yake. Wajukuu wenu watakula matunda yake.