Ujira wa Wanaokesha na Watoto



Mwezi uliopita chama kimoja cha akina mama wa mtaani petu kilichangisha fedha kwa ajili ya wodi ya watoto. Nia ilikuwa kununua kitanda, na kibao cha shaba kilikwisha kuchongwa jina la marehemu aliyekusudiwa thawabu. Walipokwenda kumwona mkuu wa wauguzi aliwapokea kwa heshima, akawakalisha, kisha akawaambia: "Mama zangu, vitanda ninavyo. Nisichonacho ni mikono. Usiku wauguzi wawili hutazama watoto thelathini."

Maneno hayo yalizua mjadala nyumbani kwa mwenyekiti. Mzee mmoja aliyealikwa kutoa shauri alisema waziwazi kwamba sadaka ni ya maskini na mgonjwa. Mwenye kazi na mshahara si wa kuchangiwa.

Swali lake si la kudharauliwa. Lakini kwanza yafaa tujue mikono hiyo hufanya nini. Tumchukue mtoto wa miaka mitano mwenye saratani ya damu. Matibabu yake huendelea kwa miaka miwili au mitatu. Dawa zake hupimwa kwa uzito na kimo chake, na kosa dogo la hesabu ni hatari. Dawa hizo hizo zinazoua maradhi hupunguza nguvu ya damu kupambana na vijidudu. Kwa hiyo homa ikimshika saa nane za usiku haingoji asubuhi, yataka antibaiotiki mara moja, ndani ya saa. Nani ataijua homa hiyo ikiwa hakuna wa kupita na kumgusa kipaji? Kitanda hakijui. Mashine haitamwambia mama aliyetoka shamba kwamba mtoto kunyonyoka nywele si dalili ya kufa, na kwamba asimrudishe nyumbani katikati ya dawa.

Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Sababu zatajwa: maradhi kujulikana kwa kuchelewa, dawa kukosekana, wazazi kuacha matibabu njiani, na watoto kufa kwa madhara ya dawa zenyewe. Msomaji akizipima atakuta kuwa karibu kila moja humhitaji mtu aliyefunzwa, aliye macho, na aliyepo.

Sasa turudi kwa swali la mzee. Waislamu wa Misri wamekutana nalo mara mbili, zamani na katika zama zetu.

Mwaka 683 wa Hijra, yaani 1284, Sultani al-Mansur Qalawun alianza kujenga maristani mjini Cairo. Wanatarikhi wasimulia kwamba aliwahi kuugua huko Sham, akapona kwa dawa zilizotoka katika maristani ya Nur al-Din mjini Damascus, akaweka nadhiri. Akaiwekea wakfu wa maduka na majengo ya kupangisha, iwe ya mfalme na mtumwa, mdogo na mkubwa, mume na mke. Tuzo la ajabu, kwangu mimi, si kuta zake bali hati ya wakfu ule. Imeamrisha ujira wa matabibu, na kwamba walale hapo kila usiku, wote pamoja au kwa zamu. Imeweka watumishi wa kiume na wa kike wa kuwahudumia wagonjwa na kufua nguo zao. Imetaja mpaka vipepeo vya ukindu wakati wa joto, na kwamba kila mgonjwa apewe bakuli lake peke yake. Yule Sultani na makadhi wake hawakuona haya kuandika mishahara ndani ya wakfu. Walijua kuwa maristani isiyo na wa kukesha ni nyumba tupu.

Katika mji huo huo, Julai 2007, ilifunguliwa hospitali ya saratani ya watoto iitwayo 57357. Jina hilo ni namba ya akaunti ya benki iliyopokea michango, na hata watoto wa shule walitoa senti zao. Watoto hutibiwa hapo bila malipo. Mwaka 2018 mwandishi mmoja mashuhuri aliuliza magazetini kwa nini fedha nyingi za sadaka zaenda katika mishahara na matangazo. Kamati ya serikali ikachunguza, na haikuona ubadhirifu. Mimi namshukuru hata aliyeuliza. Mtoaji ana haki ya hesabu. Matangazo ni jambo jingine, na hapo namuunga mkono mwenye kuuliza. Lakini ujira wa muuguzi ndiyo dawa yenyewe ikimfikia mtoto.

Kuhusu zaka, mafungu yake manane yamekwisha kutajwa katika Suratut-Tawba, na mwenye kutaka kuipeleka hospitali amuulize shehe wake kwanza. Sadaka na wakfu vina mlango mpana zaidi. Tofauti yake na kitanda ni hii: kitanda hununuliwa mara moja, na muuguzi hula kila mwezi. Atakayemwajiri kwa mchango wa Ramadhani peke yake atamwachisha kazi kabla ya Mfungo Tatu. Ndiyo maana watu wa zamani walifunga maduka kwa wakfu, kodi iingie Ramadhani na isiyo Ramadhani.

Akina mama wetu hawana maduka. Wamekubaliana kila nyumba itoe kiasi kidogo tarehe mosi ya mwezi, kwa muda wa miaka miwili, kulipa zamu za usiku za muuguzi mmoja. Hospitali itatoa risiti na kuonyesha daftari la zamu kila baada ya miezi mitatu. Vijana wawili waliomaliza shule wamepewa kazi ya kuzunguka na daftari la chama, na yule mzee amejiandikisha wa nne. Kile kibao cha shaba kingali kabatini kwa mweka hazina, kwani fundi amekataa kurudisha fedha.