Gia kwanza, jezi baadaye
Mjadala kuhusu klabu za baiskeli umepita haraka mno juu ya gia, yaani meno na mnyororo vinavyompunguzia mwendeshaji uzito wa pedeli apandapo mlima, ilhali katika vilima vya Gusii nchini Kenya, Nyakoe ikiwemo, gia ndiyo huamua nani atakanyaga na nani atashuka asukume, kwa kuwa Black Mamba, baiskeli nzito ya chuma ibebayo mikungu ya ndizi, haina gia ya kubadili. Klabu inaweza kuanzia kwenye ufundi huo: kocha Mkenya David Kinjah, aliyemwongoza mwendesha baiskeli Chris Froome kabla hajashinda Tour de France mara 4 (2013, 2015, 2016 na 2017), huwafundisha vijana wa klabu ya Safari Simbaz, huko Kikuyu, ufundi wa baiskeli sambamba na mbio zenyewe.