Nimefuta Ile Video ya Unga wa Zinki

Wasee, ile video yangu ya "unga mmoja tu, nguruwe hawaharishi tena" msiitafute. Nimeifuta jana usiku. Ndiyo ilikuwa imetazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuposti, na bado nimeifuta. Wacha nieleze, alafu mnitukane.

Mnajua stori yangu. Nilitoka chuo mwaka wa pili karo ikikataa, nikaenda kwa shosho Limuru, nikaanza kurekodi maisha ya zizi. Tulikuwa tunaachisha vitoto ziwa wiki ya tatu. Siku chache baadaye vinaharisha maji, asubuhi unaokota maiti. Kwa agroveti nikaambiwa jaribu zinki. Nikajaribu, kuhara kukaisha, nikawasha kamera.

Sikudanganya kwamba inafanya kazi. Inafanya. Kosa langu ni kwamba sikusema kiasi, na sikusema uache lini.

Juzi dada mmoja wa Kakamega akaniandikia. Alikuwa anapima na kijiko cha kupakulia, miezi miwili mfululizo. Vitoto vimedumaa, vingine vinachechemea. Daktari wa mifugo akamwambia zinki imezidi, mpaka inazuia madini mengine kama shaba yasiingie mwilini. Hao nguruwe walinunuliwa na pesa ya chama. Mimi nilipata laiki, yeye akapata hasara.

Najua mtakachosema: "Lakini zinki ni dawa, hata mtoto akihara hospitali humpa." Kweli, na tupige hesabu. Mtoto wa zaidi ya miezi sita hupewa miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, basi. Dozi ya kuzuia kuhara kwa nguruwe ni karibu miligramu 2,500 kwa kila kilo ya chakula, na hata hiyo ni ya wiki mbili tu. Kitoto kikila gramu 300 kwa siku, kimemeza miligramu 750. Hiyo ni karibu mara 40 ya tembe ya mtoto. Kwa lishe ya kawaida, nguruwe mdogo anahitaji kama miligramu 100 kwa kilo. Sasa wewe unauzia watu kijiko bila mizani, na unaita hiyo elimu?

Na kama huli nguruwe, usikimbie, hii inakuhusu. Zinki nyingi haibaki kwa mnyama, inatoka na mavi. Mavi yanaenda shambani kwa sukuma. Zinki ni metali, haiozi, kila msimu inaongezeka kwa udongo. Tena kuna bakteria ambao jini zao za kuvumilia zinki zinakaa pamoja na zile za kushinda antibiotiki. Ukiwapa zinki kila siku, unawafuga wale sugu. Siku utaugua, dawa itakuangalia tu.

Ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku hizo dozi kubwa mwezi wa sita 2022. Siku hizi kule mwisho ni miligramu 150 kwa kilo. "Ah, hizo ni sheria za wazungu." Sawa, lakini udongo wa Kiambu haujui hiyo tofauti. Wao waliitumia miaka mingi ndipo wakashtuka. Sisi tunaanza pale walipoachia, na tunaita hasla.

Lakini kinachonikera zaidi ni hiki: huo unga unaficha makosa yetu. Kitoto cha wiki tatu kinanyang'anywa mama, maziwa, na joto siku moja. Tumbo lake bado halitoi asidi ya kutosha kuua vijidudu. Utumbo unajikunja kwa mshtuko, chakula kinapita bila kumeng'enywa, bakteria wa E. koli wanafanya sherehe. Alafu tunakichanganya na vitoto vya mama mwingine wapigane, kwa sakafu baridi yenye mkojo. Kikihara tunasema kimekosa madini! Kimekosa mama.

Tena wengine wanaongeza protini "ikue haraka". Protini ikizidi, isipomeng'enywa, inalisha bakteria hao hao.

Sasa hivi kwa shosho tunaachisha baada ya siku 28, na vile vidogo sana vinangoja. Kutoka wiki ya pili tunaweka chakula kikavu kidogo kidogo, tumbo lizoee kabla maziwa hayajakatika. Sindano ya ayoni tunadunga siku za kwanza, kwa sababu hayo madini kweli maziwa ya mama hayatoshelezi. Siku ya kuachisha tunamhamisha mama, vitoto vinabaki pamoja palepale. Nyasi kavu, maji safi, upepo umezibwa. Bado kuna kuhara kidogo. Kikilemewa tunaita daktari wa mifugo, hatuiti TikTok.

Je, ni bei? Ndiyo. Wiki moja zaidi kwa mama ni wiki moja kabla abebe tena. Shosho alinung'unika wiki nzima. Lakini hiyo ndiyo gharama halisi ya kufuga, na ule unga ulikuwa unaihamishia tu kwa shamba la jirani na kwa wodi ya hospitali.

Kwa wale wenzangu wenye kurasa kubwa: najua mnalipwa kwa kila pakiti mkitaja duka, hata mimi nimeletewa hiyo ofa. Semeni kiasi, semeni siku ya mwisho, semeni "uliza daktari kwanza". Kama hiyo sentensi inaharibu biashara yenu, basi mnajua mnauza nini.

Dada wa Kakamega, tumeongea, na pesa ya matangazo ya ile video imekuja kwako yote. Haitoshi. Pole.