Mtumishi Mwaminifu Naye Apewe Haki Yake



Mshahara wa Serikali ni jasho la wananchi. Mama auzaye vitumbua huuchangia kwa ushuru wa soko, na mkulima kwa mavuno yake. Basi, achukuaye mshahara pasipo kufanya kazi huwaibia hao kwanza.

Kwa sababu hiyo, uhakiki wa watumishi ulioanza nchini Tanzania mwaka 2016 ulistahili kufanyika. Watumishi hewa zaidi ya 19,000 waliondolewa katika orodha ya mishahara. Aidha, mwezi Aprili 2017, taarifa aliyokabidhiwa Rais Magufuli mjini Dodoma ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Jina hewa halifundishi mtoto wala halimtibu mgonjwa. Tena halijiandiki lenyewe: yupo aliyeliandika, na yupo aliyeliidhinisha.

Lakini haki ina pande mbili. Wakati wa uhakiki huo, ajira mpya na upandishaji vyeo vilisimamishwa. Mwalimu mwaminifu aliyestahili daraja jipya alizuiliwa pamoja na wadanganyifu. Baadaye vyeo vilianza kutolewa tena, lakini miaka ya kusubiri huweza kumfuata mtu hadi uzeeni, maana mafao hukokotolewa kutokana na mshahara. Hapo asiye na kosa amelipa deni la mwenye kosa.

Kuwaondoa waovu ni nusu ya mageuzi. Nusu ya pili ni kumtambua mwema kwa wakati wake. OPRAS, mfumo wa wazi wa tathmini ulioanzishwa mwaka 2004, ulikusudia hilo: mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo, kisha wapime matokeo. Mara nyingi fomu zilijazwa kutimiza wajibu tu, zikafungiwa kabatini. Siku hizi tathmini hufanyika kwa kompyuta, katika mfumo wa PEPMIS. Chombo kimebadilika, je, na dhamiri ya akitumiaye? Mizani mpya mikononi mwa mpunjaji hupunja vile vile.

Hivyo yatupasa kudai mambo matatu. Aliyeidhinisha jina hewa awajibishwe sawa na aliyekula fedha zake. Anayenyimwa cheo aelezwe sababu kwa maandishi, na rufaa yake isikilizwe. Na uhakiki wowote ujao usizuie stahili ya mtu asiye na tuhuma.

Tusidai huduma njema kwa watumishi huku tukinyamazia dhuluma wanayotendewa.