Barua ya Wazi kwa Mganga Mfawidhi wa Hospitali Yetu ya Wilaya

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Nakusalimu, ndivyo nilivyolelewa. Ila nina hasira, na sitaificha.

Mtoto wa marehemu kaka yangu ana miaka 9. Tangu aone lori likimgonga baba yake, anakojoa kitandani na kusema kwa kunong'ona. Ilinichukua miezi saba kuwashawishi wakubwa wa nyumba aletwe kwako. Bibi yake alikuwa ameshamnywesha kombe mara tatu. Baba yake mkubwa alikataa katakata: ukoo wetu hauna kichaa, ukimpeleka kule atatangazwa mji mzima. Nikamwapia kwamba hospitali inatunza siri.

Alhamisi ile tulifika saa moja asubuhi. Saa tano muuguzi akatoka na faili mkononi, akaita mbele ya benchi lililojaa watu: "Yule mtoto wa akili yuko wapi?" Mtoto alikuwa ameshika pindo la kanga yangu. Akalivuta, akajifunika uso.

Ndani tukaulizwa mama yake yuko wapi. Yuko Oman, anafanya kazi za ndani. Tukaambiwa turudi na mzazi, au na barua ya ustawi wa jamii. Afisa wa ustawi alikuwa semina. Nauli ilikwenda bure, hiyo nakusamehe.

Nisichoweza kusamehe ni kwamba mtoto hataki kurudi. Nimembembeleza, hataki. Bodaboda ikisimama mlangoni anaingia uvunguni mwa kitanda, akidhani namleta kwenu. Nikimgusia baba mkubwa, ananiuliza kama hakunionya. Alisema mtoto atatangazwa, nanyi mkamtangaza. Nitamwapia nini tena?

Kwenye mikutano ya kijiji tunaambiwa familia ndizo zinazoficha watoto. Kweli, zipo. Lakini hofu ya kuaibishwa watu wanaipata kwenye mabenchi kama lile, wanarudi nayo nyumbani, na jirani anaisikia kabla hajamleta wa kwake. Na huku kwetu watoto wangapi wanalelewa na shangazi na bibi, mama akiwa Muscat? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Siku ile ilitangulia sahihi ya mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Nataka watoto hawa waitwe kwa majina yao, kwa sauti ya chini. Nataka mlezi anayemfulia mtoto shuka kila asubuhi asikilizwe, barua zifuate baadaye. Na kwa kuwa mtoto hataki kurudi, nataka mtu wako aje kwetu, bila koti jeupe, aongee kwanza na bibi yake. Aje baada ya swala ya alasiri. Saa hiyo bibi huketi barazani, na mtoto huwa karibu naye.

Wako,
Shangazi yake