Jina la mpiga gitaa

Ukipata nafasi ya kusikiliza "El Paso" ya Marty Robbins, wimbo wa kantri wa mwaka 1959, usimfuate mwimbaji peke yake. Fuata gitaa la nyuzi za nailoni linalopita katikati ya maneno yake na kumjibu. Niliusikia utotoni kwenye kaseti ya baba, na miaka ikapita kabla sijajua kwamba mpigaji ni Grady Martin. Kaseti haikumtaja.

Martin alizaliwa Tennessee mwaka 1929. Kazi yake ilikuwa kuingia studio za Nashville, kusikia wimbo mgeni na kuutafutia gitaa linaloufaa papo hapo. Kikao cha kawaida kilikuwa saa 3, na nyimbo tatu au nne zilitarajiwa kutoka humo. Kisha anaingia mwimbaji mwingine. Katika "Don't Worry" ya 1961, mtambo wa kurekodia uliharibika, gitaa lake la besi likatoka na sauti ya kukwaruza. Wakaiacha hivyo. Fundi Glenn Snoddy akatafuta namna ya kuitoa sauti ile kwa makusudi, na wapiga roki wakaipokea kwa furaha. Ajabu ni kwamba hitilafu ilipata sifa kuliko mwenye vidole. Jumba la heshima la muziki wa kantri lilimwingiza Martin mwaka 2015, miaka 14 baada ya kifo chake.

Mtu ataniambia: si alilipwa? Alilipwa, ndiyo. Mimi pia nililipwa mwaka jana nilipotafsiri kijitabu cha afya, kutoka Kifaransa, kwa shirika ambalo sitalitaja. Kilitoka na jina la mkurugenzi, la mchoraji, hata la mpiga chapa. Langu hakuna. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba mtafsiri anarudia tu maneno ya wengine. Sawa, "El Paso" aliitunga Robbins; hebu iondolee lile gitaa, uone kinachobaki.

Na sisi wenyewe je? Toleo lililopita la jarida hili lilikuwa na hadithi mbili zilizotafsiriwa, bila jina la mtafsiri hata mmoja. Naomba wahariri walichapishe chini ya jina la mwandishi, kwa herufi za ukubwa uleule, kuanzia toleo lijalo. Mwenzetu aliyetafsiri mojawapo anamaliza masomo mwaka huu, anatafuta kazi, na hana ukurasa wa kumwonyesha mtu.